Tuombe, au Tuchome Panga? Waraka wa Luther Juu ya Tauni Ukisomwa Nyakatuntu

1. Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya theolojia, swali la kwamba imani na sayansi zaweza kupatana au haziwezi huanzia kwa kawaida kwenye sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo. Mwanafunzi huulizwa juu ya siku sita, umri wa dunia na asili ya viumbe. Huandika insha yake, hupewa alama, na swali hufungwa pamoja na daftari. Hatusemi kwamba maswali hayo hayana maana. Twasema tu kwamba Mkristo wa usharika wa kijijini hakutani na swali hilo mahali hapo, na kwamba mchungaji aliyefundishwa kulijibu hapo peke yake atajikuta mikono mitupu siku atakapoulizwa kwa dhati.

Sisi tuliulizwa Nyakatuntu, katika nchi ya Karagwe ya zamani ambayo tangu mwaka 2012 imegawanyika kuwa wilaya za Karagwe na Kyerwa. Huko mgomba si zao la biashara tu. Kibanja kinachoizunguka nyumba ndicho chakula cha kila siku, ndicho urithi wa watoto, na mara nyingi ndipo walipozikwa wazee. Mnyauko wa migomba, ugonjwa unaoletwa na bakteria, ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, miaka mitano baada ya kuonekana Uganda. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye kibanja chake kilikuwa kimeanza kuugua, alituchukua baada ya ibada akatuonyesha mkungu ulioiva kabla ya wakati wake, ndizi nyingine njano na nyingine bado mbichi. Akakata shina, tukaona ute wa manjano ukichuruzika. Kisha akasema: "Baba Mchungaji, bwana shamba ametuambia tupitishe panga motoni kila tunapotoka shina moja kwenda jingine. Wenzetu wa maombi wanasema tufunge na kuomba. Sasa tuombe, au tuchome panga? Maana nikichoma panga baada ya kuomba, je, sijaonyesha kwamba sikuamini nilipoomba?"

Tulijibu upesi kwamba afanye yote mawili. Mzee alishukuru kwa adabu, lakini tuliona kwamba hakuridhika, na njiani tulitambua kwamba sisi wenyewe hatukuridhika. Jibu la "yote mawili" ni sahihi kama likitolewa pamoja na sababu yake. Likitolewa bila sababu, ni njia ya adabu ya kulikwepa swali. Makala haya yanakusudia kuitafuta sababu hiyo. Tutafanya hivyo kwa kuuhakiki waraka ambao kila mwanafunzi wa historia ya Kanisa amesikia habari zake, yaani ule ambao Martin Luther aliuandika mwaka 1527 kuhusu kuikimbia tauni.

2. Mapatano mawili yasiyotosha

Kabla ya kuufikia waraka huo, hatuna budi kutaja njia mbili za upatanisho zinazopendwa sana katika mahubiri na mihadhara yetu.

Njia ya kwanza ni kugawana mipaka. Husemwa kwamba sayansi hueleza mambo hutukiaje, na imani hueleza yanatukia kwa nini. Kila moja ikae kwenye shamba lake, na ugomvi utakwisha. Kanisa letu la Kilutheri limeijua njia hii tangu zamani. Mwaka 1543 kitabu cha Copernicus kuhusu mizunguko ya sayari kilipochapwa Nuremberg, mchungaji wa Kilutheri Andreas Osiander alikitilia dibaji bila kutia jina lake, akieleza kwamba maelezo ya mnajimu si lazima yawe kweli, yatosha yawe hesabu zinazofaa. Dibaji hiyo ilitafuta amani, lakini kwa kumwambia mwanasayansi kwamba hasemi lolote juu ya ulimwengu jinsi ulivyo. Huko Nyakatuntu mpaka wa namna hiyo haupatikani. Panga ni moja, mkono unaolishika ni mmoja, na Mungu aliyeombwa asubuhi ndiye Muumba wa mgomba unaokatwa jioni. Kumwambia mzee kwamba sala ni ya "kwa nini" na moto ni wa "jinsi gani" ni kumgawa mtu mmoja kuwa wawili.

Njia ya pili ni kuilazimisha Biblia iwe kitabu cha sayansi. Mhubiri husoma sheria za utakaso katika Mambo ya Walawi, kisha hushangilia kwamba Musa alijua habari za vijidudu kabla ya wataalamu wa Ulaya. Njia hii huonekana kuitukuza Biblia, lakini kwa kweli huitweza, kwa sababu huifanya ingojee cheti kutoka maabara. Tena maarifa ya maabara hubadilika. Aliyeifunga imani yake kwenye nadharia ya leo atalazimika kuifungua kesho kwa aibu.

Njia hizi mbili zina kosa moja. Zote huchukulia kwamba imani na sayansi ni mafundisho mawili yanayopaswa kulinganishwa maneno kwa maneno. Mzee wetu hakuuliza juu ya maneno. Aliuliza afanye nini, na kama tendo hilo ni la utii au ni la kutoamini.

3. Waraka wa mwaka 1527

Swali la Breslau lilikuwa karibu sana na la Nyakatuntu. Wachungaji wa mji huo, wakiongozwa na Johann Hess, walimwuliza Luther kama ni halali Mkristo kuikimbia tauni. Palikuwa na waliosema kwamba kukimbia ni kukosa imani, kwa kuwa tauni hutoka kwa Mungu. Luther alikawia kujibu, na alipokuwa akitafakari, tauni ikaingia Wittenberg kwenyewe mwezi wa Agosti 1527. Chuo Kikuu kikahamishiwa Jena. Mtawala wa Saksonia alimtaka Luther naye aondoke, lakini alibaki pamoja na Johannes Bugenhagen kuwahudumia watu, na nyumba yake ikawa kama hospitali, ilhali mkewe Katharina alikuwa mjamzito. Waraka uliochapwa mwaka huo ni wa mtu anayesikia kengele za mazishi dirishani pake.

Hoja yake yaweza kufupishwa hivi. Mwenye imani imara asimhukumu aliye dhaifu. Mchungaji, mtawala, tabibu, mzazi na mtumishi, yaani wote walio na dhamana ya watu wengine, hawana ruhusa ya kuondoka na kuwaacha bila msaada. Asiye na dhamana ya namna hiyo, na ambaye jirani zake wana wa kuwatunza, yuko huru kwenda au kubaki. Kisha Luther anawageukia wale ambao kwa jina la imani hudharau dawa na hawajitengi na maambukizo. Hao hawaiti waaminifu. Anawaona kuwa wanamjaribu Mungu, aliyeziumba dawa na kumpa mwanadamu akili ya kuutunza mwili wake. Kama ni kosa kujikinga na tauni kwa sababu imetoka kwa Mungu, asema, basi nyumba ikiwaka moto pia mtu asitoke. Yeye mwenyewe anakusudia kuomba, kisha kutumia dawa na kuifukiza nyumba. Hataenda mahali ambapo hahitajiki, asije akaambukizwa na kuwaambukiza wengine. Lakini jirani akimhitaji, ataenda.

4. Nguvu ya waraka

Kwa maoni yetu, waraka huu una mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyapita haraka.

La kwanza ni kipimo chake. Luther haulizi kama dawa inapatana na imani. Anauliza jirani anahitaji nini. Jirani ndiye anayeamua kama kuondoka ni halali au ni usaliti, na kama kujitenga ni woga au ni upendo. Hapo imani na maarifa ya mwili hukutana bila kupigania mpaka, kwa kuwa yote mawili yamewekwa chini ya amri moja. Mkoa wa Kagera uliijua maana ya jambo hili Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa wilayani Bukoba. Waliougua walikuwa 9, na 6 kati yao walikufa, kabla ya mlipuko kutangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Kuacha kupeana mikono na kutomgusa maiti wa ndugu yako ni jambo zito kwetu, nalo laweza kuonekana kama kuukana undugu. Lakini aliyekubali kufuatiliwa kwa siku 21 ili asimwambukize mwenziwe, huyo aliitii amri ya upendo hata kama hakutamka neno moja la dini.

La pili ni la ajabu zaidi: Luther alikosea katika sayansi. Matabibu wa siku zake walidhani kwamba tauni huletwa na hewa mbaya, na kwa sababu hiyo walifukiza nyumba. Bakteria wa tauni hakujulikana hadi Alexandre Yersin alipomgundua Hong Kong mwaka 1894, na kazi ya viroboto wa panya ilielezwa na Paul-Louis Simond mwaka 1898. Hata hivyo shauri la Luther halikuanguka pamoja na hewa mbaya, maana hakuiamini nadharia ile kama ungamo. Aliyatumia maarifa bora yaliyokuwapo wakati wake, kwa moyo wa utumishi, naye angeyaacha kama angepewa yaliyo bora zaidi. Kwa hiyo tukisikia watu wakisema kwamba sayansi haifai kusadikiwa kwa kuwa hubadilika, tujibu kwamba hatukuitwa kuisadiki kama tunavyomsadiki Mungu. Tumeitwa kuitumia kwa uaminifu. Neno la Mungu ndilo lisilobadilika. Dawa yabadilika, na ni vema ibadilike inapopatikana nyingine iponyayo kuliko ile ya kwanza.

5. Kasoro ya waraka, na jeraha la Kagera

Hata hivyo, hatuwezi kuupokea waraka huo wote bila kuupima. Pamoja na hekima yake, Luther anaiita tauni adhabu ya Mungu kwa dhambi, na pia anaiona kuwa kazi ya Ibilisi. Maneno hayo yalikuwa ya kawaida katika karne yake. Lakini sisi wa Kagera twajua yaliyotokea yaliponenwa kwetu.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, mwaka uleule ambao watafiti wa Paris walikuwa wakikieleza kirusi chake. Watu wetu hawakuwa na jina la ugonjwa huo. Wakauita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichovushwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, na wengi walidhani kwamba ni uchawi wa wadai waliodhulumiwa. Maelezo hayo ya uchawi yalipoanza kufifia, mimbari nyingi ziliweka maelezo mengine mahali pake, kwamba hii ni adhabu ya uzinzi. Mhubiri alidhani kwamba ameushinda ushirikina. Kwa kweli alibadilisha tu jina la anayelaaniwa, na mjane aliyeambukizwa ndani ya ndoa yake alisikia hukumu mahali alipokuja kutafuta faraja.

Hapa sayansi iliitumikia theolojia vizuri kuliko tulivyoitumikia sisi. Uchunguzi uliofanywa mkoani mwaka 1987 ulionyesha kwamba mjini Bukoba watu wazima wapatao 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Karagwe walikuwa kati ya 4 na 5, na katika wilaya za Ngara na Biharamulo hawakufika hata 1. Twauliza: je, mji wa Bukoba ulikuwa na dhambi mara tano kuliko Karagwe? Je, Ngara walikuwa watakatifu? Mwenye kuitazama ramani hiyo huona barabara, biashara, miji na mwendo wa watu. Hawezi kuona humo kipimo cha haki mbele za Mungu. Na Bwana wetu alikwisha kusema hivyo kabla ya takwimu zote, alipoulizwa juu ya kipofu tangu kuzaliwa katika Yohana 9, na alipowataja walioangukiwa na mnara wa Siloamu katika Luka 13. Hivyo takwimu haikuipinga Injili. Iliyapinga mahubiri yetu, na kwa kufanya hivyo ilitukumbusha Injili tuliyoisahau.

Basi katika jambo hili twamsahihisha Luther kwa Luther. Yeye aliyetufundisha kumtafuta Mungu msalabani, wala si katika kubahatisha makusudi yake yaliyofichika, hakupaswa kuwa na hakika kiasi hicho juu ya sababu ya tauni.

6. Kikombe cha Loliondo

Mfano mwingine watuhusu zaidi, kwa kuwa ulitokea nyumbani mwetu. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kilichotolewa na mchungaji mstaafu wa KKKT, marehemu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Alisema kwamba Mungu alimwonyesha dawa hiyo, na kwamba huponya UKIMWI, saratani, kisukari na mengineyo. Baadhi ya viongozi wa Kanisa letu walimwunga mkono hadharani.

Hatupendi kumdhihaki mzee huyo. Alitoza shilingi 500 tu, kiasi ambacho maskini aliweza kukitoa, wala mizizi si kitu cha kuchekwa, maana dawa nyingi za hospitali zimetokana na mimea. Tena watu hawakwenda Samunge kwa ujinga peke yake. Wengi walikuwa wamechoshwa na hospitali zisizo na dawa na na maneno wasiyoyafahamu. Lakini tukikitumia kipimo cha waraka wa mwaka 1527, kosa laonekana wazi. Madai yaliyoweza kupimwa yalikingwa yasipimwe kwa kuitwa imani, na aliyeomba yapimwe alionekana kuwa adui wa Mungu. Wapo wagonjwa walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona. Hapo jirani aliumizwa kwa jina la Mungu. Dai la kwamba dawa fulani huponya saratani ni dai juu ya mwili, nao mwili huweza kuchunguzwa. Kanisa halipungukiwi na kitu likisema kwamba lingoje uchunguzi huo. Linapungukiwa na ukweli lisiposema.

7. Kumjibu mzee

Sasa twaweza kulirudia swali la kibanjani. Bakteria wa mnyauko huchukuliwa na wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba, na huchukuliwa na panga lenye utomvu wa mgomba unaougua. Kwa hiyo mkulima hushauriwa kulivunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, bila kutumia panga. Kuyakata na kuyaondoa mashina yanayougua. Na kulipitisha panga motoni au kuliosha kwa dawa ya jiki. Jambo la kuzingatia ni hili: panga lisilochomwa haliui mgomba wa mwenye panga peke yake. Katika vijiji vyetu panga huazimwa. Aliyeomba kwa machozi na kisha akamwazima jirani yake panga chafu, amemwombea Mungu akilinde kibanja ambacho yeye mwenyewe anakipelekea kifo.

Je, kuchoma panga ni dalili ya kutoamini? Tumtazame Hezekia. Alipougua alilia na kuomba, na Bwana akasema kwamba ameisikia sala yake. Baada ya kupewa ahadi hiyo, nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu, kama tusomavyo katika 2 Wafalme 20 na Isaya 38. Tini hazikuwa shaka juu ya ahadi. Zilikuwa njia ambayo ahadi iliijia. Hivyo ndivyo imani yetu isemavyo katika sehemu ya kwanza ya Katekisimo: Mungu hutulisha na kutulinda, naye hufanya hivyo kwa mikono ya watu na kwa vitu alivyoviumba. Moto wa mkulima ni mmojawapo wa mikono hiyo.

Lakini msomaji mwangalifu atauliza: kama moto ndio unaoua bakteria, sala inafanya nini? Hatutajibu kwamba sala ni ya kumtuliza tu mwombaji, maana hilo lingekuwa kuirudisha mipaka tuliyoikataa. Wala hatutaahidi kwamba kibanja kilichoombewa hakitanyauka, kwa kuwa tumeona vibanja vya waombaji vikinyauka. Twasema kwamba sala humweka mkulima, panga lake, mgomba wake na jirani yake mbele za Mungu ambaye hawezi kuamriwa wala kupimwa kwa mafanikio. Anayeomba hivyo huweza kuyang'oa mashina yake yanayougua bila kujiona amelaaniwa, na kumwambia jirani ukweli bila kuficha ugonjwa. Sayansi humfundisha kwamba ni lazima ang'oe. Haimpi nguvu ya kung'oa mgomba uliopandwa na baba yake.

8. Hitimisho

Tulirudi Nyakatuntu na jibu hili. Mzee alilisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza jambo ambalo hatukulitazamia: "Na mnada wa Jumapili je?" Alikuwa akisema habari za mikungu inayoletwa madhabahuni kama sadaka na kunadiwa nje baada ya ibada. Mikungu hiyo hutoka kila kibanja na kwenda kila kijiji, nayo ikitoka penye ugonjwa huweza kuuchukua. Sisi tuliokwenda kumfundisha hatukuwa tumewaza kwamba huenda Kanisa lenyewe ni panga lisilochomwa.

Baraza la wazee lilikutana. Ilikubaliwa kwamba wenye vibanja vinavyougua walete maharage au fedha badala ya ndizi, na kwamba jambo hilo litangazwe ibadani bila kumtaja mtu kwa aibu. Mwanzoni wengine walinung'unika, wakisema kwamba sadaka iliyotolewa kwa Mungu haiwezi kuleta ugonjwa. Mzee aliwajibu kwamba Mungu haitaji mkungu wake, lakini jirani anakihitaji kibanja chake.

Twapendekeza basi kwamba vyuo vyetu visiliache somo hili kwenye Mwanzo 1 peke yake. Mwanafunzi asome pia waraka wa mwaka 1527, na ausome kwa kuuhoji. Na kabla ya kwenda usharikani, akae siku chache na bwana shamba na mganga wa zahanati, ajue magonjwa ya mahali atakapohubiri. Kibanja cha mzee yule kilipona nusu. Nusu nyingine aliing'oa mwenyewe, na baada ya kuiacha ardhi ipumzike alipanda machipukizi safi. Wakati wa kupanda alituomba tumwombee, tukamwombea, na panga lilikuwa bado la moto.